Majani ya Zawadi na Ndoo ya Kusubirisha

Siku yangu ya kwanza kazini nilirudishwa nyumbani kabla jua halijapanda. Nilifika kwenye stesheni ya samaki, kando ya Ziwa Tanganyika hapa Rumonge, nimevaa kitenge kilichopigwa pasi na viatu vya kuazima kwa shemeji yangu. Mkuu wa stesheni, ambaye sote tulimwita Shefu, alikuwa Mkongo wa upande wa Uvira, mtu mrefu asiyependa maneno mengi. Hakuniuliza jina. Aliniambia ninyooshe mikono, akaiinamia, akainusa.

"Mama, weye ulichemsha mawese?"

Nikamwambia sikuchemsha leo, nilichemsha jana.

"Jana ao leo, iko moja. Rudia nyumbani. Unawe na majivu na sabuni, kisha unawe tena na maji tu, mara mingi. Uje kesho. Tone moja ya mafuta ikiingia mu tangi, samaki hawapumue."

Baadaye nilielewa maana yake. Mafuta hutandaa juu ya maji na kuziba hewa, na samaki waliofungiwa kwenye kioo hawana pa kukimbilia. Lakini asubuhi ile sikuelewa kitu. Rumonge nzima inanuka mawese. Nani angekuwa na mikono isiyonuka? Nilirudi njiani nikilia, nikiamini nimepoteza kazi kabla ya kuianza. Tulikuwa na miezi michache tu tangu turudi kutoka Tanzania, nilikokulia kwenye kambi ya wakimbizi, na kazi ile ndiyo iliyokuwa tegemeo letu. Nilisugua mikono mpaka ngozi ikapasuka. Kesho yake Shefu akainusa tena, akanionyesha pa kuweka viatu.

Vijana wanaosoma haya wajue tangu mwanzo kwamba mimi nimezaliwa na wasiwasi. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema kwamba siku nikikosa la kuogopa nitaogopa kwa nini sina la kuogopa. Katika kazi niliyofanya wasiwasi haukunidhuru. Ulinifaa kuliko cheti. Mara moja tu uliniponyoka, na kwa sababu ya mara hiyo moja ndiyo nimekaa kuandika.

Stesheni ile ilikuwa ikikusanya samaki wadogo wa mapambo, wale wa rangi wanaoishi kwenye mawe ya ziwa letu. Wengine walisafirishwa mbali, wengine waliuzwa Bujumbura kwa hoteli na ofisi zilizotaka akwariamu, yaani tangi la kioo la kutazamia samaki. Jirani zangu walinicheka sana. Kwao samaki ni mukeke, ndagala au sangala, na samaki asiyeingia kwenye sufuria ni hasara. "Unamlisha asiyeliwa," walisema, "na sisi wenye njaa tunakutazama." Kazi yangu haikuwa hata samaki wenyewe. Nilipewa majani: kuyachagua, kuyapanda na kuyatunza ndani ya maji.

Mtu akiona akwariamu nzuri hudhani majani ni pambo tu. Shefu alinifundisha kwamba jani ni mwenye nyumba kama samaki alivyo. Linakula uchafu wa samaki, linampa hewa, linamficha anapoonewa na mwenzake. Kwa hiyo haliingizwi kwa sababu linapendeza. Kwanza unauliza kama linakubaliana na maji. Maji ya Tanganyika ni magumu, yana chumvichumvi na magadi ndani yake, na majani mengi ya mito yakitiwa humo huyeyuka. Halafu unauliza juu ya mwanga, kwa maana kuna majani yanayotaka jua na mengine yanayounguzwa nalo. Halafu samaki: wale wa mawe wanaolamba ukungu wa kijani watalamba na jani lako mpaka libaki uzi, na wale wadogo wanaolala ndani ya makombe matupu ya konokono hufukua mchanga usiku na mchana, wakang'oa kila mzizi. Mwisho unatazama majani yenyewe kwa yenyewe. Yapo yanayotambaa yakayanyima mengine nafasi.

Tulikuwa na aina tatu tulizoziamini. Valisneria ni jani refu la utepe linaloota ziwani kwetu. Lina mizizi, nalo huzaa watoto kwa kutambaa chini ya mchanga. Seratofilamu halina mizizi kabisa. Linaelea kama mkia wa paka aliyelowa, linakua haraka, na hunyonya uchafu kuliko jani lolote. La tatu ni anubiasi, jani gumu la misitu ya Kongo, ambalo Shefu aliletewa na ndugu zake. Hilo halizikwi mchangani, maana shina lake likifukiwa huoza. Linafungwa kwenye jiwe kwa uzi, linaachwa lishike lenyewe. Samaki hawaligusi kwa sababu ni chungu. Nilipenda anubiasi kuliko yote kwa kuwa lilikua polepole na halikunishtua.

Mwaka wa kwanza nilifanya kosa ambalo kila mtu wa kazi hii hulifanya mara moja. Nilipanda basi dogo mpaka Kigwena kumwona dada yangu, na kwenye kijito kinachotoka msituni nikaona majani mekundu kwa chini na kijani kwa juu, mazuri sana. Nikayachuma, nikarudi nayo nimeyakumbatia, nikayapanda Jumatatu. Ijumaa yalikuwa uji. Maji yalinuka, na samaki walipanda juu wakivuta hewa kwa midomo. Tulipoteza kumi na wawili. Shefu aliniita, akanionyesha ule uji kwenye ncha ya kijiti.

"Weye ulichagua kitenge ao ulichagua majani?"

Akakitupa kijiti.

"Maji ya mutoni iko laini. Hii ya ziwa iko nguvu. Ungeuliza maji kwanza, macho nyuma."

Hakunifukuza. Nilikaa wiki mbili nikingoja anifukuze, na kila aliponiita nilidhani siku imefika, kumbe alikuwa akitaka ndoo tu.

Na ndoo ndiyo jambo kubwa nililojifunza kwake. Tuliiita ndoo ya kusubirisha. Jani lolote linaloingia stesheni, hata likitoka kwa askofu, linaanzia huko. Linasuuzwa, linalowekwa siku mbili tatu kwenye maji ya shabu, lile jiwe jeupe wanalotumia vinyozi, kisha linahamishiwa kwenye maji safi na kukaa wiki mbili mahali penye mwanga. Kila siku unageuza majani ukitafuta konokono wachanga na mayai yao, ambayo ni ute mdogo unaong'aa, rahisi kuudhani ni tone la maji. Konokono mmoja anatosha kukuharibia. "Huyu hana lazima ya bwana," Shefu alisema. "Iko peke yake na anazaa."

Siku moja alinipangia konokono watatu juu ya ubao. Mmoja alikuwa amechongoka, mwingine mviringo, na wa tatu bapa, amejikunja kama kifungo cha koti.

"Huyu wa kifungo, usimushike na mukono mutupu. Huyu ndiye anabeba kichocho cha tumbo."

Akanieleza, na nitaeleza kama nilivyoelewa. Mtu mwenye kichocho akijisaidia karibu na maji, mayai ya mnyoo humfikia konokono huyu. Mnyoo hukua ndani yake. Jua likiwa kali, mchana, hutoka kwa wingi, mdogo asiyeonekana kwa macho, akaogelea kutafuta ngozi ya mtu. Akiipata anaingia, na mtu haoni ila kuwashwa kidogo. Si kila konokono bapa anao. Ila kwa kumtazama huwezi kujua yupi anao na yupi hana. Mtu wa wasiwasi akiambiwa jambo kama hilo, limekwisha kumkaa. Tangu siku hiyo, miaka yote niliyobaki stesheni, hakuna jani lililopita pembeni ya ndoo yangu.

Stesheni ilipofungwa nilipelekwa Kabezi, kwenye hoteli iliyonunua matangi yetu mawili. Mkubwa wangu huko alikuwa meneja, kijana wa suti aliyekuwa na picha moja ndani ya simu: akwariamu ya Ulaya yenye majani mekundu kama pilipili. Alinionyesha picha ile kila asubuhi.

"Mama, wateja wanataka couleur, rangi. Hii yako ni kijani, kijani tu. Wanaona kama sombe."

Sombe ni kisamvu, majani ya muhogo. Nilimweleza maji, nilimweleza mwanga, nilimweleza samaki. Akaagiza majani ya plastiki. Nikayaosha na kuyapanga, na samaki, kusema kweli, hawakulalamika. Nilikaa pale miaka kadhaa nikipanda valisneria nyuma ya plastiki kwa siri. Kisha ziwa likaanza kupanda. Kimoja baada ya kingine tuliona maua ya bustani, ngazi, mwisho ukumbi wa kulia vikiingia majini, na huku Muhuta na Rumonge ikawa vivyo hivyo: nyumba za pwani zikamezwa, na vyoo vya nyuma ya nyumba vikamezwa pamoja nazo. Watu wote walizungumza juu ya nyumba. Juu ya vyoo sikumsikia mtu akizungumza, nami pia sikuvifikiria, ingawa ningepaswa.

Hoteli ilipofungwa, meneja alinipa tangi dogo kuwa asante. Nikalitoa kwa shule ya msingi ya hapa Rumonge, na mwalimu mkuu, mama mnene mwenye sauti ya kanisani ambaye watoto na walimu walimwita Direktrisi, akanipokea mimi na tangi pamoja. Alitaka darasa la sita wajifunze ziwa lao bila kulowa. "Wanajua sangala kwenye sahani," aliniambia. "Wajue na jinsi inaishi." Nikapewa koti la bluu na saa za kufundisha. Ilikuwa posti yangu ya mwisho, na nilijua.

Niliipenda kuliko zote. Watoto walijifunza kwa nini jani hili linakaa na samaki huyu na si yule. Walishindana kunijibu. Kila wiki nilichagua watoto kadhaa wa kupunguza seratofilamu, maana linakua haraka mno, na kazi hiyo hufanywa kwa mkasi na mikono ndani ya maji mpaka kwenye kiwiko, wakati wa mapumziko ya mchana. Aliyeomba zamu kuliko wote alikuwa Ornella. Alikuwa mtoto wa mfua nguo, mwembamba, wa miaka kumi na miwili, na mama yake alimkataza ziwa kabisa kwa sababu ya mamba na mawimbi. Wenzake waliogelea kila Jumapili. Yeye hakuwahi kulowesha hata goti. Maji ya tangi letu ndiyo yalikuwa ziwa lake. Wenzake wakichoka yeye aliingia badala yao, nami nilimruhusu kwa kuwa mkono wake ulikuwa mwepesi na hakung'oa mizizi.

Mama Ornella alisikia habari za majani kutoka kwa binti yake. Asubuhi moja alikuja darasani na furushi limefungwa kwa jani la mgomba, maji yakimchirizika mpaka kwenye kanga. Alikuwa ameingia ziwani mpaka kiunoni, pale anapofulia, akachuma seratofilamu na valisneria mkono mzima.

"Amahoro, Mama Yonasi," aliniambia. "Ornella anasema samaki wanapenda hii. Nimewaletea."

Darasa zima likamshukuru kwa kuimba, "Murakozeee!" Akakaa kwenye dawati la mbele, mikono mapajani, akingoja kuona.

Hapa nataka msomaji anielewe, hata asiponihurumia. Kwetu mkono mtupu haulambwi, lakini mkono ulioleta nao una haki zake. Zawadi ikifika haiachwi mlangoni. Inaingizwa ndani mletaji akiwa amekaa, ili aone imepokelewa. Ukiacha kapu la mgeni nje, umemwambia arudi nalo. Ndoo yangu ya kusubirisha ilikuwa nje, nyuma ya darasa, karibu na pale tulipomwaga maji ya kudekia. Na huyu alikuwa mfua nguo, mtu ambaye wazazi wengine walipita bila kumsalimu, na mbele ya watoto wote binti yake alikuwa akimtazama kwa fahari. Ningeyachukua majani yake na kwenda nayo nje kwenye ndoo, angeona nini? Angeona nimesema ni machafu.

Nikayasuuza mara tatu kwenye beseni, nikajidanganya kuwa inatosha. Nikayapanda mbele yake. Akapiga makofi, akaenda zake kufua.

Siku ile ile nilianza kuogopa. Nilikagua kioo asubuhi na jioni, wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Sikuona kitu, na nikaanza kujiambia kwamba uzee umenizidishia kitu nilichokuwa nacho tayari. Wiki ya tano, saa sita mchana, jua likipiga kwenye tangi kutoka dirishani, nikamwona. Alikuwa amejibandika juu ya kioo, bapa, amejikunja, mkubwa kama punje ya mahindi. Chini ya jani nikamwona wa pili. Ornella alikuwa ameinama kando yangu na mkasi, mkono ndani ya maji.

"Toa mkono," nikamwambia. Nilisema kwa ukali kiasi kwamba mkasi ulimwanguka.

"Nimefanya vibaya, Mama?"

"Hapana, binti yangu. Toa tu. Nenda unawe na sabuni, ujipanguse sana."

Nitasema ukweli, kwa kuwa mambo haya hayana faida yakiandikwa nusu. Sikumwambia Direktrisi siku ile. Wala kesho yake. Nilifunika tangi kwa shuka na kuwaambia watoto samaki wanaumwa. Siku mbili nilikwepa kupita mbele ya ofisi. Nilijiambia kwamba huenda konokono hawa hawana kitu. Nilijiambia kwamba nusu ya watoto wanaogelea ziwani kila Jumapili, kwa hiyo nani atajua. Neno hilo la pili ndilo lililonitisha, maana nilijisikia nikilitafuta kwa furaha. Siku ya tatu nikabisha mlango wa ofisi.

Direktrisi alinisikiliza amesimama. "Ni watoto wangapi wametia mikono?"

"Wote, kwa zamu."

"Wote." Akakaa. "Na majani yalitoka wapi?"

Nikamwambia. Akafunga macho kidogo. Kisha akafungua daftari la mahudhurio, akaanza kuandika majina, na hakunitukana, ingawa matusi yangenipunguzia mzigo.

Siku hiyo hiyo tulihamisha samaki kwenye pipa. Maji tuliyamwaga juani kwenye uwanja mkavu, mbali na mfereji. Majani yote nikayachoma, na valisneria niliyoitunza tangu Kabezi ikaenda nayo. Konokono niliwachemsha. Nilifanya yote hayo kwa bidii kubwa, lakini maji yakimwagika hayazoleki, na niliyokuwa nikiyaogopa yalikuwa yamekwisha kutoka ndani ya tangi.

Mganga wa maabara kwenye kituo cha afya alituambia tungoje. "Mayai ya huyu mnyoo haionekani mbio," alisema. "Mukiwapima leo mutaona bure. Rudini kiisha wiki sita." Wazazi walipewa barua kwamba darasa litapimwa. Barua ilisema kweli kwamba konokono walionekana tangini, haikusema waliingiaje.

Wiki sita. Nimekaa kambini miaka mingi nikisubiri karatasi, ila sijawahi kuzihesabu siku kama zile. Mtoto akikohoa, niligeuka. Mtoto akishika tumbo, niliuliza amekula nini. Ornella alikuwa na vipele vidogo kwenye mkono wa kulia, akajikuna mbele yangu wakati wa hesabu, nami nikasahau nilichokuwa nafanya. Nikamwuliza tangu lini. Akasema tangu zamani, tangu kabla samaki hawajaumwa. Kila aliponiuliza samaki watapona lini nilimjibu karibuni.

Majibu yalipotoka, watoto wachache walikutwa na kichocho. Karibu wote walikuwa waogeleaji, watoto wa wavuvi na wa wachuuzi wa ndagala, na mganga alisema hao wangeweza kukipata popote pwani. Nikapumua. Kisha akasoma jina la mwisho, na lilikuwa la Ornella.

Alipewa vidonge pamoja na wenzake, vya kuhesabiwa kwa kilo za mtoto, vichungu mno. Vilimtia kizunguzungu siku nzima, akatapika mara moja, nami nilimshikia beseni. Alipopimwa tena baadaye alikuwa safi. Dawa ya ugonjwa huu ipo, na namshukuru Mungu. Ninataka hilo liandikwe wazi, ili mzazi asiogope bure: mtoto akipimwa na kumeza dawa mapema, anapona.

Mwisho wa mwaka wa shule nilistaafu. Umri ulikuwa umefika, hakuna aliyenifukuza. Tangi lilirudishwa kazini, na kijana wa kiume aliyechukua nafasi yangu hupanda anubiasi na valisneria kutoka kwenye ndoo ya kusubirisha, ambayo sasa iko ndani ya darasa, mbele, watoto wote wanaiona. Vijana wananijia kuniuliza jani gani likae na samaki gani, nami nawaeleza maji, mwanga, samaki, na majani kwa majani. Kisha nawaambia waulize pia mikono ya nani itaingia humo. Hilo Shefu hakunifundisha, kwa sababu kwenye stesheni mikono ilikuwa yetu wenyewe, watu wazima tunaojua. Waswahili husema mchelea mwana kulia hulia yeye. Mimi nilimchelea mtu mzima kuona haya, na aliyelia ni mwana wake.

Limebaki jambo moja, nami nimelizungukazunguka kwa kuwa sipendi kulikumbuka.

Kabla sijastaafu, Direktrisi alinishauri nisimwambie Mama Ornella. "Mtoto amepona," alisema. "Ukimwambia majani yake ndiyo yalileta, utamtwika mzigo bure. Mwache." Lilikuwa shauri la huruma, na mimi ni mwoga. Nilikaa nalo wiki mbili. Lakini kila asubuhi mama yule alipita mbele ya shule na beseni lake kichwani, akinipungia mkono na kuniuliza samaki wameamkaje. Siku moja nikaogopa kwamba ataniletea furushi jingine. Nikaenda kwake jioni, kwenye chumba kimoja nyuma ya soko, penye bomba la maji mlangoni. Alinikaribisha kwenye kiti cha pekee, yeye akakaa juu ya kindoo. Nikamwambia yote bila kupumzika.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo ile konokono iko yenye ilitoka mu majani yangu."

"Ndiyo. Lakini kosa si lako, Mama Ornella. Ni langu. Majani yalipaswa kukaa kwenye ndoo wiki mbili kwanza."

"Na weye ulijua."

"Nilijua."

"Sasa juu ya nini uliyatia pale pale?"

"Kwa sababu ulikuwa umekaa pale unatazama. Niliogopa utaona nimeyakataa."

Alitazama mikono yake, iliyochunika kwa sabuni za watu. Ornella alikuwa nje, nilimsikia akichota maji.

"Miye namukataza mutoto ziwa miaka yote," alisema. "Kila siku namupigia kelele. Ungeyakataa, Mama Yonasi. Ningepata haya siku moja."

Niliomba ruhusa ya kwenda. Nikasimama, naye akasimama. Akajifunga kanga vizuri, akatoka nami, kwa maana mgeni hasindikizwi kwa macho. Alinisindikiza kupita nyuma ya soko, akapita nami kwenye mashine za mawese, mpaka kwenye barabara kubwa, mbali kuliko inavyohitajika. Njia nzima hakuniuliza habari za samaki, na tulipofika akaniinamia kwa heshima, kama inavyopasa, akageuka kwenda kwake.